Moto Niliouzima Siku ya Nne

Dada Faida,

Tangu Jumapili nimekaa na daftari hili, na kila nikiandika jina lako kalamu inasimama pale pale. Leo nimeomba kwanza. Mashine nimeshaifunga kwa kamba, vitambaa vimo ndani ya gunia, chumba kimebaki kitupu kinaitika sauti. Nimeketi juu ya kile kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi na nimejiambia, Riziki, andika tu.

Hakuna wa kunisahihisha. Ulikuwa mwalimu kule Bukavu, na hapa Lilongwe, ingawa ulikuwa ukiuza vitenge, ualimu haukukutoka. Nikikuletea barua ya kumtumia kaka yangu Kigoma ulikuwa unavaa miwani, unaisoma mpaka mwisho bila neno, kisha unaniuliza, "Riziki, nukta iko wapi? Mutu atapumua fasi gani?" Mimi niliishia darasa la sita kule Fizi, halafu nikarudi shambani, njo ukaniita mutu ya mihogo. Nilikuwa nakasirika kidogo. Sasa ningetoa chochote niitwe hivyo tena. Basi nitaweka nukta pale nitakapochoka, wewe utanivumilia.

Nikupe habari za huku. Katika vyumba vyako viwili vya nyuma amehamia mama mmoja muuguzi, ametundika mapazia meupe. Ananisalimia vizuri. Mwenye nyumba alifukia mashimo yote ya miti ya mashitingi, yale mahema ya plastiki, na mvua za kwanza zilipoanguka majani yakaota uwanja mzima, isipokuwa pale katikati moto ulipokuwa. Hapo hapaoti. Kila nikimpelekea mteja nguo upande ule wa Area 47 nasimama kwenye ua, nachungulia. Duara jeusi, Dada, kama mtu ameepua sufuria kubwa sasa hivi na kuondoka nayo.

Ni juu ya moto huo nakuandikia. Nina jambo la kuungama. Mungu nimeshamwambia, na mchungaji nimeshamwambia. Umebaki wewe.

Nitaanzia mbali. Si kwamba umesahau, ila nikianzia katikati nitapata mahali pa kujificha.

Wale wakimbizi walikuwa wa upande wetu, Uvira na Fizi, vita ya pili ndiyo iliwatoa. Familia nane, na mzee mmoja peke yake, Mzee Mulonda, ambaye mke wake alibaki majini walipovuka ziwa. Wote pamoja thelathini na mmoja. Walipita Tanzania, wakaingia kwa Karonga, wakashuka na malori mpaka hapa. Kambini Dzaleka waliandikwa majina, lakini viwanja vipya vya ng'ambo ya kijito vilikuwa havijapimwa, wakaambiwa wasubiri. Wasubirie wapi, hilo halikusemwa. Wakarudi mjini, wakasimamisha mashitingi yao ya plastiki kando ya barabara, jirani na soko. Ulikuwa mwezi wa tano, baridi inaanza. Wauza nyanya wakalalamika kwamba wateja wanazunguka njia nyingine.

Njo yule bwana wa ofisi ya mji akaja kanisani kwetu baada ya ibada. Unakumbuka alivyovua kofia mlangoni akabaki ameishika kwa mikono miwili. Hakuja na ukali. Alisema pale barabarani lazima watoke kabla gari halijamkanyaga mtoto, lakini awapeleke wapi, yeye mwenyewe hajui, kila kipande cha ardhi kina mtu wake, na kila mtu wake ana barua. Akasema sisi ni ndugu zao, tumwonyeshe mahali.

Tukaanza kumwonyesha. Mzee wa kanisa alisema uwanja wa mpira. Mwingine akasema kule chini kwenye mto kuna nafasi, mpaka mtu akamkumbusha kwa nini kuna nafasi. Mama mmoja wa kwaya alisema karibu na makaburi ndiyo pazuri, majirani wa pale hawatapeleka mashtaka, na watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nami nikanyoosha mkono. Nikasema Nathenje. Nikaeleza vizuri kabisa, kama mtu aliyezaliwa huko: mashamba yapo, hewa ipo, vibarua watapata. Nathenje nilikuwa nimefika mara moja, kununua maharagwe. Sikumjua hata mtu mmoja.

Wewe ulikuwa umekaa benchi la nyuma, miguu imevimba, viatu umevivua. Hukusimama. Ulisema tu, "Kila mutu anaonyesha fasi yenye haiko yake."

Niliangalia mikono yangu. Halafu ukamwambia yule bwana kwamba uwanja wa kwenu ni mpana, walale pale mpaka Dzaleka wapime.

Na uwanja wenyewe haukuwa wako. Nilikuambia hivyo njiani, nimekushika mkono, tunatembea hatua mbili tunapumzika. Wewe ni mpangaji wa vyumba vya nyuma. Mwenye nyumba yuko Mponela kwenye biashara yake ya tumbaku, akirudi atasemaje? Ukanijibu, "Akirudia tutaongea naye. Tumbaku haiyaisha." Ukacheka mpaka ukakohoa. Mtu anayeamua hivyo huku anahema utamgombeza kwa neno gani?

Nilikuja kila siku baada ya kazi. Mashitingi yalikaa mistari miwili, yamepangwa kama madawati, hiyo nayo ilikuwa amri yako. Mkachimba choo nyuma kwenye migomba. Watoto uliwafundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa gereji ya mwenye nyumba, nikakuambia Dada huo ukuta umepakwa rangi, ukaniambia njo maana mkaa unaonekana vizuri. Na kila asubuhi Mzee Mulonda alikuwa anakuja mbele ya mlango wako na lile koti lake lisilo na vifungo, anasema, "Mwalimu, tumeamuka kwako." Nilimshonea vifungo vinne. Vya rangi mbili, ndivyo nilivyokuwa navyo.

Mwenye nyumba alirudi wiki ya tatu. Alisimama getini muda mrefu. Nilidhani atapiga kelele, nikajiandaa kukutetea, lakini hakupiga. Mkaketi naye kwenye ngazi, mkaongea kwa Kichewa na Kiingereza na mikono. Alikubali mpaka mwisho wa mwezi. Ila majirani nao walikuwa na malalamiko yao, moshi, choo, makelele ya watoto, na mwisho wa mwezi ulipopita alikwenda mwenyewe kwa bwana wa mji. Simlaumu. Mtu arudi kwake akute kijiji. Ikapangwa Alhamisi lori lije liwachukue liwapeleke kambini. Na habari kutoka Dzaleka ilikuwa kwamba wapimaji watafika, lakini si wiki hiyo wala wiki inayofuata.

Kwa hiyo palikuwa na shimo hapo katikati, Dada. Siku kama kumi na tano. Watu thelathini na mmoja waangukie humo.

Wewe ulikuwa hutoki tena kitandani. Jumatatu ile nilikuwa nakukanda miguu na maji ya moto, mchana, watoto wanaimba nje. Ukaniambia kwa sauti ya kawaida, kama unanituma chumvi, "Riziki, mukinizika, munililie mpaka bapate fasi. Hapa kwa maliro habafukuzake mutu."

Maliro, ndivyo wenyeji wanavyouita msiba. Nilikuambia uache maneno ya kufa. Ukasema, "Sisemi ya kufa. Nasema ya bale bantu."

Nilikamua kitambaa, nikaendelea na mguu wa pili, na wewe ukadhani nimekubali. Sikuwa nimekubali. Moyoni nilikuwa nasema, huyu homa ndiyo inamsemesha. Kilio hakipimwi kama kitambaa. Moto wa matanga kwetu ni ibada, unawashwa kwa ajili ya marehemu na unazimwa kwa siku yake, na Mungu anaona. Tuugeuze kuwa ukuta wa kuzuia lori? Niliona ni uongo, na uongo mbele ya maiti ni mbaya kuliko wowote. Ndivyo nilivyofikiri mimi, darasa la sita.

Jumatano saa nne asubuhi ulituacha. Jua limepiga mpaka kitandani. Sitaandika juu ya saa hiyo.

Nikuambie yaliyofuata, ambayo hukuyaona. Mzee Mulonda hakumngoja mtu. Alileta kuni mwenyewe, akawasha moto katikati ya uwanja, akaketi. Kufika mchana majirani walikuwa wameshakata matawi na kuyalaza barabarani, kama wanavyofanya hapa, ili magari yajue pana msiba yapite polepole. Wale wale wa moshi na choo. Walikuja na unga vichwani, walikuja na kuni, wanawake wao wakaketi chini na wetu, wakaimba nyimbo zao na sisi zetu, na mfumu, mkuu wa mtaa, yule mzee wa fimbo, akaja akaketi kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Nilishangaa. Mtu aliyekuwa anatupitia bila salamu ameleta sufuria yake kubwa, anauliza nsima, ule ugali wao, iwekwe wapi.

Alhamisi asubuhi lori lilikuja. Liliona matawi, likasimama mbali. Bwana wa mji akashuka akatembea kwa miguu, kofia mkononi, akaketi na wanaume kama dakika ishirini, hakusema lolote la mashitingi ingawa yalikuwa yamemzunguka. Kisha akanijia, maana kwenye karatasi niliandikwa mdogo wako. "Pepani, amayi," akasema, pole mama. "Nitarudi mkimaliza."

Lori halikuweza kugeuka. Likarudi kinyumenyume barabara nzima, polepole, mpaka likapotea.

Ulikuwa umesema kweli. Uliwajua watu wa hapa kuliko mimi niliyekaa nao miaka zaidi yako.

Tulikuzika Ijumaa. Wenyeji wakishazika wengi wao hutawanyika, kwao imekwisha. Lakini mfumu alinifuata akauliza kwetu inakwendaje. Nikamwambia kwetu moto unabaki siku kadhaa, watu wanalala hapo hapo. Akasema basi matawi yabaki barabarani, niyaondoe mimi mwenyewe nikimaliza. Alisema hivyo na akanitazama, na nafikiri sasa kwamba na yeye alikuwa ananiambia kitu.

Sikusikia. Unajua nilikuwa nawaza nini, Dada? Nilikuwa nawaza watu watasema umeliliwa ovyo. Ndugu zako wa Bukavu hatujui kama wapo. Hapakuwa na shangazi wala mtoto wako wa kusema hili lifanywe vile. Nilitaka pasiwe na mtu wa kusema Faida alililiwa kama mtu aliyeokotwa njiani. Kwa hiyo nilifanya yote sawasawa. Hatukuchana nywele, hatukufagia uwanja, wanawake tulilala kwenye mikeka. Na kwa mwanamke kwetu ni siku nne tangu kuzikwa.

Jumapili alasiri nilimwendea Mzee Mulonda kwa sababu ndiye mkubwa wetu. Alikuwa anaota moto, viganja viko wazi. Nikamuuliza juu ya siku. Alisukuma gogo ndani ya moto. Kisha akasema, "Kwa mwanamuke ni ine." Akaniangalia. Aliniangalia kama mtu anayengoja aambiwe jambo lingine ili abadilishe jibu lake. Alijua vizuri moto ukizimwa nani atakuja. Alijua kifua chake hakiwezi baridi. Lakini ni mtu wa desturi, hawezi kujiombea siku yeye mwenyewe.

Ningemwambia, mzee, marehemu mwenyewe aliomba nyingi zaidi, angekubali kabla sijamaliza. Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote. Njo hapo dhambi yangu ilipo, Dada. Kuzima moto ni kitu kidogo. Maneno yako ya mwisho niliyaweka mdomoni mwangu nikayafunga, kwa sababu niliyahukumu kwamba si safi. Mimi nikuhukumu wewe.

Jumatatu asubuhi nilimwagia moto maji. Nikazoa majivu nikayapeleka kwenye migomba. Tukaosha vichwa, tukaomba, nikatoka barabarani nikaondoa matawi, moja moja, nikayapanga pembeni. Nilijisikia mwepesi. Nilijisikia nimekufanyia vizuri.

Saa tano lori lilikuwa getini.

Hawakupigwa, hawakutukanwa. Mwenye nyumba mwenyewe alisaidia kupandisha masufuria. Bwana wa mji aliniambia kule Dzaleka hawatakosa pa kujibanza, na nilijua anajiambia yeye. Watoto walifurahia lori. Mzee Mulonda walimweka mbele na dereva kwa ajili ya kikohozi. Aliteremsha kioo, akanipa mkono, akasema, "Aksanti kwa ile matanga, mama. Umeifanya muzuri."

Sijapata kupigwa kofi kama hilo. Na alisema kwa kunishukuru kweli.

Jumamosi nilichukua nguo zako nikaenda nazo Dzaleka, zigawiwe kama inavyotakiwa. Kile kitenge cha kijani nimebaki nacho, nisamehe. Nikawakuta kwenye uwanda chini ya ukuta wa lile gereza la zamani, karibu na bomba la maji. Viwanja bado. Unaijua baridi ya kule mwezi wa sita, upepo unatoka milima ya Dowa hauna kitu cha kuuzuia. Mashitingi yanapiga makofi mchana kutwa. Na watu walikuwa wamekusanyika wanabishana nao. Si wenyeji, Dada. Ni sisi. Ni watu wetu waliofika tangu vita ya kwanza, ambao nao walifika na sufuria moja. Wanasema hapa hapana, watoto wanachota maji hapa. Waende upande wa kanisa. Wa kanisa wanasema waende upande wa barabara. Kila mmoja mkono umenyooka. Nilisimama na furushi lako kichwani, na nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema Nathenje.

Mzee Mulonda alifariki siku iliyofuata, alasiri. Kifua. Alikuwa na shati lako la mikono mirefu, lile la michoro ya ndege, nililomvalisha mwenyewe ndani ya koti. Koti tulilifunga vifungo vyote vinne.

Hakuwa na mtu. Wakaja kwangu, wakasema Mama Riziki anajua, alimlilia Mwalimu vizuri, awashe yeye. Waliniomba kwa heshima, hawakujua wananichoma.

Niliuwasha pale pale chini ya ukuta, kwenye uwanda uliokataliwa. Kisha nikasimama. Unajua mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, hata ushuhuda kanisani nautoa nimekaa. Walikuwapo wetu, na walikuwapo wale waliokuja kuwaondoa, wamekuja tena wakakuta maiti. Nikasema, "Dada Faida aliniachia neno. Alisema tumulilie mpaka bale bantu bapate fasi. Mi nilificha. Leo nalisema."

Kiongozi wa mtaa ule, ambaye asubuhi ndiye aliyenyoosha mkono kuliko wote, aligeuka akaondoka. Nikasema basi, nimeharibu. Akarudi na gogo begani. Akaliweka kando ya moto, akaketi juu yake, akasema, "Bon. Tulie."

Kwa mwanamume kwetu ni siku tatu. Siku ya tatu ikapita. Baba mmoja akanikumbusha desturi, nikamshukuru, nikasema bado. Usifikiri nilikuwa jasiri. Nilikuwa namwogopa Mungu. Kila nikiongeza kuni nilikuwa nawaza, sasa Riziki unaigiza, umekaa hapa unajifanya. Wateja wangu Lilongwe wanangoja nguo zao na mimi niko hapa naigiza kilio.

Siku ya tano nilikuwa namenya mihogo. Nimekaa chini, kisu mkononi, ganda linatoka refu bila kukatika, nami nikawaza kuinua kichwa nikuonyeshe, ili uniite lile jina lako. Na haupo. Dada, nililia nikashindwa kukiona kisu. Wanawake waliniondolea kile kisu mkononi. Nilikulilia wewe, nikamlilia yule mzee na vifungo vyake, nikamlilia mke wake aliyebaki ziwani ambaye sikumjua. Nililia mpaka jioni.

Njo hapo nikaelewa. Nilikuwa sijamaliza. Siku ile ya tano wala ya sita sikuwa namdanganya mtu. Nilidanganya ile Jumatatu asubuhi, nilipomwaga maji na kusema tumemaliza. Wewe ulilijua hilo kabla yangu. Ulipoomba tukulilie siku nyingi hukuwa unaniomba kuigiza. Ulijua zitakuwapo.

Siku ya kumi na moja wapimaji walikuja na kamba na vigingi. Wakavuka kijito, wakapima. Kila familia ilichukua kaa moja la moto juu ya kigae ikaenda nalo kwenye kiwanja chake, ikapika cha kwanza. Nilisimama nikawaangalia wanavyovuka maji na moshi mdogo mdogo mikononi. Moto uliobaki sikuumwagia kitu. Niliuacha ukazimika wenyewe kwa saa yake.

Jina la Mzee Mulonda lilikuwa bado lipo kwenye orodha, na kiwanja chake kikapimwa pamoja na vya wengine, cha tisa, pembeni kabisa. Hakuna aliyetaka kukigusa. Mwisho wakanifuata wakasema kiandikwe jina langu. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikubali, na vijana wa zile familia wakanifyatulia matofali kabla ya mvua. Nimemaliza nguo za Krismasi za watu, nimeagana na kanisa. Kesho naondoka.

Jana nilikuja kaburini kwako kung'oa majani. Nimepanda lile ua la njano ulilokuwa unalisifu kwa jirani, aliniomba yeye mwenyewe nikuletee. Sitaweza kuja kila Jumapili kutoka Dzaleka, ila nitakuja.

Na ahadi yangu ni hii. Nyumba nimeijenga nyuma kabisa ya kiwanja, vijana wakanicheka, wakasema mama umejificha. Mbele nimeacha wazi, hakuna mhogo, hakuna ua. Nimepima kwa hatua zangu. Mashitingi matatu yanaenea, na moto katikati. Watakuja wengine, vita haijaisha, naisikia kwenye redio kila siku. Siku mtu atakapoita tena mkutano aulize hawa walale wapi, nitakuwapo, na sitanyoosha mkono kwenda mbali. Nitaonyesha chini, hapo mbele ya miguu yangu.

Pumzika, Dada. Hapa naweka nukta.

Mdogo wako,
Riziki, mutu ya mihogo